Mkono Ulioingia Kiotani

Jumapili, 1 Februari 2026

Kiota kimekamilika! Nimevuka kwa kivuko cha asubuhi hadi Kamanga, nikaketi juu ya jabali letu—naliita letu, ijapokuwa mmoja wetu yuko Morogoro—nikawatazama fundichuma wawili wakimalizia paa. Yupi dume, yupi jike, sijui. Kwa macho hawatofautiki, na kitabu kinachodai kuwatofautisha kinajidanganya chenyewe. Mmoja alileta kijiti. Mwingine akakipokea, akakichomeka, akakichomoa, akakichomeka tena pale pale. Wiki baada ya wiki wamekuwa wakifanya hivyo. Ndege wa kahawia, mwili wa kuku mwembamba, kishungi kisogoni kinachokifanya kichwa chake kifanane na nyundo. Lakini nyumba yake ingeweza kumbeba mtu mzima aliyesimama juu ya paa. Vijiti, matete, mfupa wa sangara, kipande cha wavu wa dagaa, kandambili moja ya bluu. Mlango uko chini, umeelekea maji, na njia ya kuingilia imekandikwa tope laini kama shingo ya mtungi.

Nimemtumia Adongo picha. Amejibu jioni: kandambili ni ya mguu gani? Nimecheka peke yangu sebuleni mpaka dada Leonsia akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza kama nimeitwa kazini.

Sijaitwa kazini. Nafundisha twisheni, nakula ndizi za dada yangu, nalinda kiota.

Adongo na mimi tulisoma pamoja elimu ya wanyama. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, yeye wa pili. Nafasi ya shahada ya pili akaipata yeye, na nimekwisha kujieleza mara nyingi kwa nini jambo hilo si la haki wala si la ajabu. Anachunguza viota vya fundichuma na viumbe wanaohamia humo. Kati ya vyote alivyovipata upande ule wa Ghuba, hiki cha Kamanga ndicho pekee ambacho bado kina wenyewe. Vingine vimetwaliwa na bundi, nyuki, kenge. Siku alipopanda basi la Morogoro alinikabidhi kiota, kisha akanisihi jambo moja. Pale Kamanga, Muga, tafadhali usibishane na mtu. Nikambishia kwamba mimi sibishani. Akacheka, mlango ukafungwa. Basi likaondoka na kicheko chake, nami nikabaki stendi ya Nyegezi na hoja nzuri sana isiyo na wa kuisikiliza.

Jumatano, 4 Februari

Mvua asubuhi. Baada ya twisheni nimeteremka kutoka Butimba hadi kwenye mafunjo. Nimepata sauti—sauti tu—ya yule ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Huimbiana wawili: mmoja huanza, mwingine hudakia upesi kiasi kwamba msikilizaji hudhani ni koo moja. Haishi msituni, haishi shambani. Anaishi kwenye mafunjo tu. Yakifyekwa hahamii kwingine, anakwisha.

Ramani ya kitabu changu imeupaka rangi mwambao mzima wa Ziwa kuwa ni makazi yake. Uongo! Ndege haishi katika rangi. Anaishi katika vipande, na kati ya kipande na kipande kuna viwanja, bustani za mchicha, kuta za watu. Ramani ya kweli ingekuwa ya matone.

Nimemwandikia Adongo hayo yote, kwa urefu. Nikayafuta. Nikaandika: nimemsikia mwekundu wa mafunjo. Akajibu: mmoja au wawili?

Nilimsikia mmoja tu. Nimeiacha simu mezani bila kujibu.

Ijumaa, 13 Februari

Kuna mayai. Siyaoni, lakini mwenendo wa wazazi hauna tafsiri nyingine. Mmoja huingia asitoke; mwenzake huja, huita, hupokezana zamu. Nimeshinda pale mchana kutwa. Queen, anayeuza chai na sato wa kukaanga karibu na geti la kivuko, aliniuliza mbele ya wateja wake kama yule ndege ni mkwe wangu. Maana, alisema, mtu hukaa mbali kwa adabu namna hiyo akiwa ameenda ukweni tu. Walicheka sana. Nikawaeleza kuhusu umbali unaofaa wa uchunguzi. Wakacheka zaidi.

Mwaka jana, juu ya jabali hili hili, Adongo alisinzia katikati ya maelezo yangu kuhusu chanzo cha samaki wa Ziwa. Alikuwa amekesha akichapa ripoti. Mdiria alikuja akatua kwenye tete karibu na miguu yake, akapiga mbizi, akarudi na dagaa, akampigapiga kwenye tete. Hakuamka. Sikunyamaza, niliendelea kusema kwa sauti ya chini mpaka hoja ikaisha. Kisha ikabaki sentensi moja, fupi, isiyohitaji ushahidi wa kitabu chochote. Sikuisema. Mtu anayeweza kujadili asili ya spishi tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, anashindwa na sentensi kama hiyo!

Mdiria aliondoka. Adongo akaamka. Akauliza: ulikuwa umefika wapi?

Jumamosi, 21 Februari

Siku kubwa. Niiandike kwa utaratibu.

Nilipofika Kamanga nilimkuta Mzee Machibya, mwenye kiwanja, akipima kwa futi kutoka kwenye mkuyu wenye kiota hadi majini. Nyuma yake alisimama Mhoja, mpasua mbao, na msumeno wake wa mnyororo—wao huuita chenso—ukiwa ndani ya gunia begani. Nikatoa shikamoo. "Marahaba, ng'wanawane," alisema Mzee. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mtoto wao. Akanieleza bila kinyongo. Tangu daraja la kuvuka Ghuba lifunguliwe, kwa maoni yake, wasafiri wanaipita Kamanga kwa mbali. Anataka kujenga gesti yenye baraza juu ya maji, ili mtu avuke kwa kupenda, si kwa kulazimika. Na mkuyu umesimama pale pale baraza litakapokuwa.

Nilifungua kinywa. Lakini Mhoja alinitangulia kusema. Mti wowote atakata, mzee amwoneshe tu. Huu una nyumba ya fundichuma, haukati. Mzee akashusha pumzi. Wapasuaji wengine waliokwisha kuitwa walimjibu vivyo hivyo.

Watu walikuwa wamesogea. Kila mmoja akaongeza lake. Anayebomoa nyumba ya fundichuma, yake nayo huanguka. Anayetia mkono ndani, mkono hufa ganzi mpaka begani. Fundichuma ni mtemi: ndege wengine wote humletea vijiti kama kodi, naye husimama tu akiamuru.

Adongo alinisihi nisibishane. Lakini haya hayakuwa mabishano, yalikuwa masahihisho. Nilianza na hilo la kodi. Nikawaambia nimekaa juu ya jabali lile tangu kijiti cha kwanza, na hakuna mnana, yangeyange wala kwarara aliyeleta hata unyasi. Wamejenga wawili, kwa midomo yao.

"Hiyo ni mchana," alisema Mhoja. "Usiku ulikuwepo?"

"Hapo umepatikana, Mwalimu!" Queen alipiga makofi.

Nikawaeleza jinsi ndege walavyo na walalavyo. Nikawaeleza kwamba fundichuma huyu huyu anaishi toka huku kwetu hadi ukingo wa Sahara na mpaka Madagaska, na kwamba kama kila kiota kingeua mikono, bara zima lingekula kwa kushoto. Walicheka, na safari hii walicheka nami. Nilihisi uzito wao ukihamia upande wangu, kama mashua inapoegemea.

Ndipo Mhoja akasema, kwa upole, kwamba wasomi tuna maneno. "Ila nakuona kila wiki umekaa kule na hiyo darubini. Mbona husogei? Unaogopa kama sisi, Mwalimu. Tofauti ni kwamba sisi tunasema."

Kuogopa! Nilivua viatu. Mkuyu una matawi ya chini, haukunipa shida. Mzazi aliruka akilia, akatua kwenye mwamba ndani ya maji. Nikalala juu ya tawi, nikatafuta mlango kwa vidole, nikatia mkono wa kulia. Njia ni ndefu kuliko nilivyodhani. Uliingia hadi kiwiko, hadi kwapa. Kwanza tope, laini kama ngozi. Kisha majani. Kisha yai. Na jingine kando yake. Lilikuwa na joto, joto la kiumbe aliyeondoka sasa hivi, na nilikaa hivyo, shavu langu limebanwa kwenye vijiti, nikitamani kumwita mtu mmoja tu duniani. Sikuwa na mkono wa kushikia simu.

Nilishuka nikauinua mkono juu. Vigelegele vikapigwa. Wengine walikataa kunipa salamu ya mkono; Mzee Machibya alinipa kwa mikono yake yote miwili, akanishikilia muda mrefu. Mhoja alisema tu: tuone wiki hizi zinasemaje.

Watasubiri waone kama nitaugua. Vema. Sayansi nayo husubiri.

Jumapili, 22 Februari

Nimemsimulia Adongo kwa sauti, ujumbe mrefu wa WhatsApp, pamoja na utani wa bara zima kula kwa kushoto. Tiki za bluu mara moja. Jibu lilichelewa hadi machweo: Umefanya nini, Muga.

Hakuweka alama ya kuuliza.

Nikaeleza kwamba mayai hayakudhurika. Mzazi alirudi kiotani kabla sijamaliza kuvaa viatu. Nikaeleza kwamba fundichuma haachi nyumba yake kwa mguso mmoja. Nikanukuu. Hajajibu.

"Waitu, weka simu chini ule," dada Leonsia aliniambia, kwa lile neno letu la nyumbani la kubembeleza. "Ndizi zinapoa."

Jumanne, 3 Machi

Nimevuka ili nionekane. Hakuna neno jingine la kweli. Watu wa Kamanga wanautazama mkono wangu kama daktari anavyotazama jeraha. Queen alinipa ndoo ya maji nimsaidie kuibeba. Nikaibeba kwa mkono ule, taratibu, nikizunguka vibanda vyote. Mhoja alikigeuza kiganja changu juu na chini, akabonyeza vidole. "Bado mzima," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu na hajui ni nini.

Waliokataa kunipa salamu siku ile, leo wamenipa. Nimefurahi.

Adongo kimya. Kila jioni naandika taarifa ya kiota kama alivyonielekeza, namtumia, anasoma. Hataki hata kujua mguu wa kandambili. Ni wa kushoto. Nilikwenda kuangalia mahususi.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa nimemsindikiza dada Leonsia Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Kongoti walikuwa wamesimama kati ya wauzaji kama wazee wa baraza wenye upara, wakisubiri matumbo ya samaki. Mwanamke mmoja alimsukuma kongoti kwa goti ili apite, bila hata kumtazama, kama mtu anavyosukuma kiti. Nikamwambia dada kwamba ndege huyu wa mabwawani sasa anataga mijini, katika miti iliyo karibu na majalala. Kwamba ramani yake haifuati tena mito, inafuata taka zetu. Dada akasema hayo nimwambie mtu atakayefurahi kuyasikia.

Nilitembea peke yangu hadi kwenye mawe ya ziwani. Mnandi walikuwa wameanika mabawa, kila mmoja juu ya jiwe lake, wote wameelekea upande mmoja. Nikafikiri hivi: ndege wanaodumu karibu na binadamu ni wa namna tatu. Wanaokula tunachotupa. Tusiowaona. Na tunaowaogopa.

Nitaliwaza zaidi hilo la tatu.

Upepo ulikuwa wa magharibi, kutoka Kamanga. Morogoro iko upande mwingine kabisa, nyuma ya mgongo wangu, mbali sana. Hata hivyo nilitazama maji.

Jumatatu, 16 Machi

Makinda! Wazazi wote wawili wako nje mchana. Mmoja anaingia na chura, anatoka upesi. Mwingine anaingia na dagaa wa pale pale wanapoanikwa—mwizi mtukufu. Nikiwa chini kabisa ya mti nimesikia sauti nyembamba ndani, kama bawaba inayodai mafuta. Kuta nene zile huwahifadhia joto. Ndiyo maana wazazi wanathubutu kuwaacha peke yao. Nani mwingine huku anajenga hivyo? Hondohondo huziba mlango, mnana hufuma kikapu, tai mlasamaki huweka jukwaa wazi juani. Fundichuma peke yake hujenga nyumba.

Nimemtumia Adongo habari. Na amejibu! Wangapi?

Sijui, nikaandika. Sitatia mkono tena.

Afadhali.

Neno moja. Nimelisoma nikiwa kwenye kivuko, nimelisoma nikipanda kilima cha Butimba, nimelisoma kitandani. Halina hasira. Nina hakika halina hasira.

Alhamisi, 19 Machi

Mzee Machibya amenipigia simu yeye mwenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za Butimba, dada hajambo. Kisha akanishukuru. Nimewafungua macho, alisema. Tangu niingize mkono, kila aliyekuwa akiogopa amekuwa akinitazama mimi, na mimi ni mzima, ninafundisha, ninabeba ndoo. Mhoja naye amekubali. Mzee alimwambia: Mwalimu alitia mkono mpaka kwapani, wewe na chenso yako unaogopa nini? Mti utakatwa Alhamisi Kuu, ili baada ya Pasaka mafundi wa msingi waanze.

"Ungekuwa wa kwetu," alimalizia, "ningekupa na jina."

Nimeketi tangu hapo. Nimeshinda. Tangu nianze kubishana, sijawahi kushinda ushindi kamili kama huu.

Kiota kile hakikulindwa na mimi. Hakikulindwa na darubini, wala na taarifa za kila jioni. Wapasuaji walikuja na misumeno yao, mmoja baada ya mwingine, wakaondoka, kwa sababu ya uongo ule. Uongo ndio uliokuwa ua wake. Nami nikapanda juu ya mti, mbele ya watu, nikaung'oa.

Adongo alijua. Amekulia Rorya, kwenye hofu hiyo hiyo kwa lugha nyingine. Hakunisihi kwa ajili ya adabu yangu.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kubisha upande wa pili wa hoja. Nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Nimemwomba Mzee Machibya asubiri hadi makinda waruke. Hawana manyoya ya kurukia bado. Mwezi ujao ukiisha, watakuwa wameondoka wenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho—ana heshima ya kweli—kisha akasema mvua za masika hazimsubiri mtu anayechimba msingi. "Juzi ulisema ni ndege tu, ng'wanawane. Leo ni ndege tu mwenye watoto. Kuku wangu nao wana watoto."

Waliokuwepo walicheka. Si kwa ubaya.

Akaahidi kuwateremsha makinda kwa kikapu, taratibu, na kunikabidhi. Nikasema watakufa, wazazi hawalishi kikapuni. "Utawalisha wewe," Queen alidakia, "si umesomea?" Nikageukia sheria. Mzee akaingia ndani akatoka na kibali cha kukata mti, kimepigwa mhuri, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Mti ni wake. Niliufikiria kila mlango wa hoja na kila mlango nilikuwa nimekwisha kuufunga mwenyewe, mwezi uliopita, kwa vigelegele.

Mhoja alisimama kando na gunia lake. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

Nimerudi nyumbani nikakuta ujumbe wa Adongo: Nakuja. Alhamisi Kuu, kivuko cha adhuhuri. Nitafikia Kamanga kwanza, nyumbani Rorya baadaye. Nataka kuwaona.

Makinda, bila shaka. Nimejaribu kujipenyeza na mimi ndani ya neno hilo, sijafaulu.

Niliandika: wanakata mti. Nikafuta. Niliandika: nisamehe. Nikafuta. Nikaandika: karibu sana.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Dada Leonsia amenipigia pasi shati jeupe bila kuuliza. Alipolitundika mlangoni akasema tu: kesho usihutubie.

Alhamisi Kuu, 2 Aprili

Naandika chini ya mkuyu, mgongo umeegemea shina. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mhoja amekwisha kukata pengo la kwanza, upande wa maji. Utomvu mweupe unatiririka juu ya magome. Kisha chenso ikazimika. Mafuta yamekwisha, na Mzee Machibya ameondoka kwa bodaboda kufuata petroli mwenyewe, hakumwamini mtu. Watu wamejazana kwa Queen, wamegeuza viti vyao huku kama watazamaji wa mpira. Wazazi wanazunguka juu yetu wakilia. Mmoja ana chura mdomoni. Hathubutu kuingia, na hataki kumwachia. Ndani, zile bawaba ndogo zinadai.

Mhoja ameketi kando yangu, anafuta mnyororo kwa kitambaa.

"Mimi moyo haujakubali, Mwalimu."

Nikamwambia akatae basi.

"Nikatae kwa neno gani? Kila nikisema naogopa, Mzee ananitajia mkono wako." Akautazama. "Hauumi? Hata kidogo?"

"Hauumi."

"Hata asubuhi ukiamka?"

"Mhoja. Hauumi."

"Basi," alisema, "ni bahati mbaya."

Akaendelea kufuta. Kisha, bila kuinua uso, akasema taratibu kwamba ungekuwa unauma, au tuseme ungekuwa umeanza kufa ganzi, tuseme tangu Jumapili ya Matawi, nami nikaficha kwa aibu ya msomi, yeye angeifunga chenso guniani saa hii hii. Mzee mwenyewe asingethubutu. Hakuna mpasuaji toka hapa hadi Sengerema ambaye angethubutu. Mpaka watoto waruke. Na hata baada ya hapo.

"Sijakuambia useme," alisema. "Sijasema kitu mimi."

Kivuko kimetokeza. Nakiona vizuri sasa, pua yake butu inasukuma maji ya kahawia.

Nifikiri, upesi. Kusema hivyo ni kuwarudishia uongo wao ukiwa na mhuri wa shahada yangu. Hakuna atakayeweza kuwaondolea tena, kamwe. Watasema hata Mwalimu, aliyebisha, mkono wake ulikufa. Watanicheka. Watanihurumia, jambo baya zaidi. Nitavuka kila wiki nikiwa mfano. Kila nilichosoma kinanikataza. Nina hoja nzuri, ndefu, isiyo na ufa, kwa nini nisifanye hivyo.

Juu yangu zile sauti hazina hoja.

Abiria wamesimama sehemu ya mbele ya kivuko. Yule mwenye kofia ya ukindu, aliyejitenga na wengine, ni yeye. Angesimama namna hiyo hata kwenye umati wa uwanja wa Kirumba ningemjua. Ameinua darubini. Anautafuta mti; ameupata; ameliona pengo.

Vumbi barabarani. Mzee Machibya anashuka kwenye bodaboda na dumu lake. Mhoja ameacha kufuta.

"Mwalimu, chai!" Queen anakuja na kikombe, ametabasamu, mkono umenyooka. Kibanda kizima kinatazama. Hapa hakuna mtu mwenye adabu anayepokea kwa kushoto.

Nimehamisha kalamu. Herufi hizi ni za mkono wa kushoto, zinalala ovyo, sijui kama nitazisoma kesho. Wa kulia nimeuacha pajani, kiganja juu, kama kitu cha mtu mwingine. Queen amesimama. Tabasamu limetoka. Anasema, Mwalimu? Mwalimu, vipi mkono? Mhoja anainuka, anashika gunia. Mzee ameweka dumu chini.

Kivuko kimegusa nchi kavu. Adongo ameshusha darubini. Hatazami kiota, ananitazama mimi. Naweka kalamu, nipokee chai kwa kushoto.